Mkataba Usio na Kitambaa cha Akiba

Cherehani ya Mama Vifungo ilikuwa kimya tangu asubuhi, na hilo halikuwa jambo la kawaida. Siku nyingine ungemkuta anakata, anashona, na anawafokea wanafunzi wake huku ana pini mdomoni. Leo alikuwa ameinamia simu.

Mama huyu alikuwa ameandika kitabu cha kufundisha ushonaji. Michoro yake mwenyewe, maneno yake mwenyewe. Wanafunzi wake walijifunza kwa nakala alizowatolea. Sasa kampuni moja ya vitabu vya kusomea kwenye simu ilikuwa inakitaka. Mkataba ulikuwa umeshafika. Kilichobaki ni kubonyeza neno "Nakubali".

"Bonyeza basi, mke wangu!" mumewe alisema. "Wenzio wanaitafuta bahati hii kwa tochi."

"Maneno mengi, Baba Watoto. Sijayamaliza."

"Nani anasoma mambo hayo? Watu wote wanabonyeza tu!"

Simu ikaita. Alikuwa kijana wa kampuni, yule aliyemtumia mkataba.

"Hongera, Mama! Ila tunafunga leo jioni. Ukichelewa, nafasi anapewa mwingine."

Mama Vifungo akawaza: jamani, ahangaike kuandika miaka yote ile, halafu bahati impite hivi hivi? Akakata simu. Kidole kikasogea juu ya lile neno.

"Hodi humu! Sketi yangu imekwisha?"

Alikuwa jirani yao, mkutubi wa maktaba ya mtaa. Mama Vifungo akaweka simu chini.

"Imekwisha, shoga. Nimeipanua. Bahati niliacha kitambaa cha akiba ndani ya mshono."

"Ungekikata chote, ningeivaaje na mwili huu?"

Mkutubi akacheka. Mama Vifungo hakuweza. "Wewe unashinda na vitabu. Hebu nisomee huu mkataba, roho yangu haijatulia."

Mkutubi akavaa miwani, akasoma polepole. Kicheko kikamwisha.

"Umeona hapa? 'Haki zote, kwa namna zote, milele.' Yaani wanachukua cha kwenye simu, cha karatasi, hata tafsiri. Na hapa chini, mwandishi hatatoa nakala bila ruhusa yao."

"Hata kwa wanafunzi wangu?"

"Hata kwao."

Akawageukia wanafunzi wake. Wasichana hao wakaacha kushona, wakamtazama.

"Kwa hiyo nikatae?"

"Sijasema hivyo. Huenda kampuni ni nzuri. Lakini ofa si amri, unaweza kuomba mabadiliko. Wape haki ya kuuza kwenye simu tu, kwa miaka michache. Nyingine zibaki kwako. Uliza watakulipa vipi na lini, na utatokaje msipoelewana. Ukimpata mwanasheria, mwonyeshe. Na mtu akikuharakisha, hapo ndipo usome mara mbili."

"Wakikasirika je?" mumewe alifoka. "Tutakosa vyote!"

Mama Vifungo akaishika ile sketi. "Baba Watoto, mimi sikati kitambaa mpaka kwenye mshono. Mwili hubadilika. Huu mkataba umekatwa mpaka kwenye mshono. Nikinenepa nitapumulia wapi?"

Akaandika maombi yake, akayatuma. Jioni ikafika. Simu kimya. Kesho yake, kimya. Mumewe alikula akitazama sahani. Mama Vifungo akajilaumu. Alishona kola upande usio wake, akaifumua, akakosea tena. Wiki ikaisha hivyo.

Halafu simu ikaita. Sauti ya kijana ilikuwa imepoa.

"Mama, wakubwa wamekubali. Kwenye simu tu, miaka mitatu. Nakala za wanafunzi ni zako. Nimekutumia mkataba mpya. Wewe bonyeza tu."

Wasichana wakapiga vigelegele. Mama Vifungo akafuta machozi kwa kipande cha kitambaa, kisha akamgeukia mumewe. Alijua atakachosema: bonyeza basi!

Mumewe alikuwa ameshavuta kiti, ameketi karibu yake.

"Anza mwanzo," alisema. "Tena soma kwa sauti, na mimi nisikie."