Rejeta ya Kina Rosalie

Kila alasiri, basi la shule lilipomshusha Jelagat mbele ya maghorofa ya matofali mekundu pale Adelphi, ughaibuni, alifanya mambo matatu kwa mpango uleule. Alivua viatu vya theluji mlangoni. Alimsalimu Kogo, nyanya yake. Kisha, kabla hata ya kugusa chai, alikimbia chumbani kutazama chumvi yake.

"Ingekuwa ndama ungemkagua hivyo?" Kogo alimtania.

"Ndama hapelekwi kwenye maonyesho ya sayansi, Kogo."

"Kwetu hupelekwa. Tena hupewa utepe."

Haikuwa chumvi ya kutia kwenye mboga. Jelagat alikuwa ameikuza kwa majuma sita. Alichemsha maji, akayatia chumvi mpaka ikakataa kuyeyuka, akatumbukiza uzi, akangoja. Punje ziliota kwenye uzi kama visanduku vya kioo, na iliyo kubwa kupita zote ilikaribia punje ya hindi. Alizipanga kwenye sinia juu ya karatasi nyeusi, na kila siku alizipima kwa rula na kuandika daftarini. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja tu. Mshindi wa maonyesho angepelekwa Greenbelt, kwenye kituo cha wanasayansi wa anga, na Jelagat alikwisha kuwapigia simu binamu zake kule Iten na kuwaambia kwamba huyo mshindi ni yeye.

Jumatatu hiyo alifungua mlango wa chumba akasikia: to, to, to.

Maji yalikuwa yakidondoka kutoka darini, moja kwa moja ndani ya sinia. Karatasi nyeusi ilikuwa imevimba kama mkate uliolowa. Punje hazikuwapo. Hata moja.

Kogo, aliyekuwa jikoni upande wa pili, alikuja mbio kadiri magoti yake mabovu yalivyomruhusu. Aliweka karai chini ya tone, akanyanyua sinia polepole, akayamimina yale maji ndani ya chupa kubwa ya kioo. Watu husema maji yakimwagika hayazoleki. Kogo aliyazoa, akaiweka chupa dirishani.

"Ya nini hayo?" Jelagat alifoka kwa machozi. "Mwaga tu!"

"Hayanisumbui," alisema Kogo.

Jelagat alipanda ngazi akagonga mlango wa juu. Alifungua Rosalie, msichana wa umri wake, wa darasa lake, ambaye wazazi wake walitoka Bukavu. Chumba cha Rosalie kilikuwa juu kabisa ya chumba cha Jelagat, na ndani yake, chini ya dirisha, ilisimama rejeta kama ile iliyokuwa katika kila chumba cha jengo lile, chuma kizito kilichojaa maji ya moto ya kupasha nyumba joto. Kogo aliziita ng'ombe wa chuma, kwa sababu zilikuwa za joto na zilipenda kuguna. Vali ya rejeta ya kina Rosalie ilikuwa ikivuja tangu Krismasi. Baba yake alikwisha kwenda mara tatu ofisi ya jengo, na mara tatu aliambiwa asiiguse, fundi atakuja. Wakaweka bakuli chini yake. Siku hiyo Rosalie alisahau kulimwaga.

"Maji yenu yameua chumvi yangu!" alisema Jelagat.

"Haki? Pole." Rosalie alitazama bakuli lililofurika, akauma mdomo. Kisha kicheko kikamponyoka. "Lakini, sha, chumvi ndani ya maji! Si utie viazi tu, upike supu?"

Asubuhi yake ndani ya basi, neno lilikuwa limewafikia wote. "Supu! Supu, njoo ukae huku! Supu, umepoa?" Jelagat alitazama nje mpaka shuleni. Hakulia. Kisasi kilikuwa kimekwisha kumkaa kifuani kama kaa lililofunikwa jivu.

Jioni Baba Rosalie alishuka kuomba radhi, kofia mkononi. Kogo alimkaribisha, akampa kiti na chai. Jelagat alikaa chumbani mlango umefungwa. Hakutaka radhi. Radhi ingemfanyia nini? Alitaka Rosalie naye afungue mlango siku moja akute kazi ya majuma sita imekuwa si kitu.

Na kazi hiyo ilikuwapo. Rosalie alikuwa anakuza maharagwe, miche sita ndani ya vikombe, na vikombe vile vilipangwa kwenye ubao kando ya rejeta ili vipate joto. Jelagat alitunga mipango kama mtu anayeandaa harusi. Kumwagia sabuni? Ingeonekana. Kung'oa? Angejulikana. Kisha akakumbuka kwamba nje ilikuwa Januari, kwamba kioo cha dirisha lile kilikuwa na barafu pembeni, na kwamba maharagwe hayapendi baridi. Hakuhitaji kugusa hata jani.

Alhamisi Kogo alimtuma arudishe sufuria ya kina Rosalie. Mlango ulifunguliwa na Rosalie, ambaye mara hiyo aliitwa jikoni na mama yake.

"Weka hapo, Supu. Nakuja."

Jelagat aliweka sufuria. Akaingia chumbani akinyata. Ile vali ilikuwa na kishikio chekundu, kimechakaa. Alikizungusha kama anayefunga chupa. Kiligoma. Akakishika kwa mikono yote miwili, akakaza meno, akasukuma kwa hasira ya siku nne. Kitu ndani kikalia: ka! Kikazunguka mpaka mwisho.

Rejeta iliguna mara moja ikanyamaza. Lakini chini ya kishikio, pale palipokuwa na tone moja moja, sasa palitoka uzi wa maji. Jelagat aliuona. Aliutazama vizuri kabisa ukiingia ndani ya bakuli. Angeweza kusema. Alifumba mdomo, akashuka ngazi akiruka vidato viwili viwili, na moyo wake ulikuwa mtamu kama wa mtu aliyelamba sukari ya wizi.

Ijumaa theluji ilifunga shule. Ilifunga na ofisi ya jengo. Mama yake Jelagat, Edah, alikuwa ameondoka alfajiri kwenda kuhudumia wazee, kwa hiyo nyumbani walibaki Kogo na yeye. Jelagat alikaa kitandani, masikio darini. Huko juu alisikia nyayo za haraka, kiti kikikokotwa, mtu akipiga chafya. Kila chafya ilimfurahisha.

Ila karai nalo lilikuwa likijaa. Tangu Jumatatu lilijaa mara moja kutwa, kwa maji yaliyosalia darini. Leo Kogo alikwisha kulimwaga mara tano kabla ya saa nne, na doa la dari lilikuwa limepanuka kama uji uliomwagika. Maji yalianza kutoka mahali pawili, kisha patatu. Kogo alipiga magoti na taulo, akafyonza, akakamua, akafyonza.

"Kogo, acha nifanye mimi."

"Wewe una kazi yako." Kogo alijaza chupa ya chai hadi juu, akatoa blanketi lake mwenyewe, lile la mistari alilokuja nalo kutoka nyumbani. "Baba Rosalie ameniambia chumba cha mtoto kimekuwa na baridi kama friji. Peleka hivi."

"Hivi? Kwao? Kogo, hao ndio—"

"Chai inapoa, chepto."

Kogo alipomwita chepto, yaani msichana, kwa lugha ya kwao, mjadala ulikuwa umekwisha.

Basi Jelagat alipanda ngazi akiwa amembebea adui yake blanketi. Mlango ulikuwa wazi. Rosalie alikuwa amesimama katikati ya chumba kwa sweta nyepesi tu, midomo imekauka, kwa sababu koti lake la theluji lilikuwa limezungushiwa vikombe vya maharagwe. Miche miwili ilikuwa imelala, majani yamekuwa meusi kama mboga iliyoungua. Chini, baba yake alikuwa amepiga magoti mbele ya rejeta.

"Hii robine, nani aliifunga?" alisema akiigonga vali kwa kidole. Alikuwa mtu mpole, lakini siku hiyo sauti yake ilikuwa kavu. "Mayi inatoka kama mto, na Kogo wa watu ako na magoti chini anafuta! Rosalie, uliichezea?"

"Sikuigusa, Papa."

"Bakuli ulisahau. Sasa hii pia hukuigusa. Inajifunga yenyewe? Bon. Maonyesho hutaenda. Utabaki hapa na bakuli lako."

Rosalie aliinama, akakaza koti kwenye vikombe. Machozi yalimtiririka, wala hakuyafuta.

Ndicho Jelagat alichokuwa amekiomba juma zima. Kilikuwa kimekuja kamili, na nyongeza juu. Aliweka chupa ya chai na blanketi mezani, akageuka, akaanza kushuka. Alingoja ule utamu. Haukuja. Alipofika kidato cha mwisho aliona, kupitia mlango wao ulioachwa wazi, mgongo wa Kogo. Nyanya yake alikuwa amekaa sakafuni sasa, mguu mmoja ameunyoosha kwa maumivu, anakamua taulo, na huku anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ndogo. Hakuwa amemlaani mtu.

Jelagat aligeuka. Kisha akapanda tena.

"Baba Rosalie," alisema mlangoni. "Siyo Rosalie. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Niliifunga mimi. Jana. Nilitaka maharagwe yafe. Niliona maji yakizidi, nikanyamaza."

Rosalie alimtazama kama anayemwona mara ya kwanza. "Wewe!" alisema. "Na mimi nimenyimwa maonyesho! Wewe, Supu, mchawi wewe!"

"Rosalie, kwanza nyamaza," alisema baba yake. Alivuta pumzi ndefu. Kisha akaenda kabatini, akarudi na kopo la biskuti lililojaa spana kuukuu. Kule Bukavu alikuwa fundi wa mabomba. Huku alifua mashuka ya hospitali. Alimpa Jelagat tochi. "Ofisi imefungwa, na mayi haingoji ofisi. Aliyeharibu ndiye atashikilia taa. Piga magoti. Na usiguse chuma, itakuchoma."

Jelagat alipiga magoti. Baba Rosalie alizungusha kishikio kinyume, taratibu, mpaka kikafunguka chote, na rejeta ikaanza kuguna.

"Tazama. Chini ya kishikio kuna nati hii. Ndani yake kuna uzi wa kuziba. Uzi ukichoka, mayi inapita. Wewe ulilazimisha, uzi ukahama. Sasa spana moja inashika bomba, isizunguke. Nyingine inakaza nati. Kidogo. Kidogo tu. Ukikaza na hasira, inapasuka, na hapo sote tutaogelea."

Akakaza kidogo. Akafuta kwa karatasi kavu. Karatasi ikalowa. Akakaza tena, akafuta. Ikalowa nusu. Mara ya tatu alimpa Jelagat spana, akamfunika mkono kwa kitambaa kinene.

"Malizia."

Jelagat alisogeza spana upana wa ukucha. Akafuta. Karatasi ilikuwa kavu. Wakangoja, wote watatu, macho kwenye vali, kama watu wanaongoja maziwa yachemke. Halikutoka hata tone.

"Itashika mpaka fundi aje na uzi mpya," alisema Baba Rosalie. Akamgeukia binti yake. "Nilikuhukumu bila kuuliza vizuri. Nisamehe. Maonyesho utaenda."

Rosalie alitoa koti kwenye vikombe, akalivaa. Miche minne ilikuwa bado imesimama. "Mimi sijamsamehe," alisema.

"Najua," alisema Jelagat.

"Labda Jumanne."

Jelagat alishuka, akamwambia Kogo yote, kisha akachukua taulo mkononi mwake akafuta sakafu mpaka ikakauka. Kogo alimwacha afute. Baadaye alileta ile chupa ya dirishani, akayamimina maji ndani ya sahani pana, akaiweka juu ya rejeta yao yenye joto.

"Siku nne yamekaa hapa yakikungoja," alisema. "Wala hukuyatazama."

Jumapili, pembezoni mwa sahani, zilianza kuonekana punje ndogo kama sukari. Chumvi haikuwa imekufa. Ilikuwa ndani ya maji muda wote.

Jumanne ndani ya basi, mtu aliita, "Supu!" Rosalie akageuka: "Anaitwa Jelagat. Anajua kufunga nati, wewe unajua nini?" Kisha akatazama mbele, wala hakumsogezea kiti.

Siku ya maonyesho, punje za Jelagat hazikuzidi mbegu ya mtama, na zawadi ya kwenda Greenbelt aliipata mvulana mmoja aliyetengeneza kengele ya betri. Maharagwe manne ya Rosalie yalipewa utepe wa tatu. Jelagat alirudi na sinia lake, akaketi karibu na Kogo kwenye joto la rejeta.

"Zingekuwa kubwa," alisema, "kama ningeanza siku ileile ya Jumatatu."

"Zingekuwa kubwa," alikubali Kogo, akisugua goti lake. "Ulipata hasara mara moja kwa mkono wa mwenzako, mara ya pili kwa mkono wako mwenyewe. Ya kwanza haikuwa kosa lako. Mjukuu wangu, anayekaa juu na anayekaa chini wanatumia bomba moja. Ukimfungulia maji ya ubaya, yatapita kwake, kisha yatashuka kwako, na mara nyingi hayatakuangukia wewe kwanza. Yatamwangukia anayekupenda. Ukikosewa, sema. Ukikosa, sema upesi zaidi. Halafu rudi kwenye kazi yako kungali na wakati."

Jelagat aliitazama dari. Doa lilikuwa limekauka, limebaki na ukingo wa manjano. Akainuka, akachukua sufuria, akaweka maji jikoni yachemke, na akanyoosha mkono kutafuta chumvi.