Jina Kwenye Sanduku la Buluu

Kila asubuhi Wangeci alijaza mitungi miwili kwenye bomba la ploti, lililotumiwa na wapangaji wote, akachemsha chai ya maziwa, na kikombe cha kwanza hakukinywa yeye. Alikipeleka nyumba ya tatu kutoka mwisho, kwa Shosho Waithera. Shosho hakuwa nyanya yake wa damu. Alikuwa jirani tu hapo mtaa wa Satellite, Nairobi, mjane, mwenyekiti wa akina mama kanisani, na alizoea kusali kwa sauti ya mtu anayezungumza na mwenzake kando ya ua.

"Bwana asifiwe, mjukuu wangu."

"Amina, Shosho."

"Leo ni Jumanne, siku yetu ya mjini. Vaa viatu vya kufunga. River Road hawaombi ruhusa wakitaka kukukanyaga."

Wangeci alitabasamu, lakini aliinamisha macho. Tangu Jumapili hakuweza kumtazama Shosho usoni.

Mambo yalianzia kwenye ujumbe wa simu. Wangeci alikuwa amemaliza gredi ya tisa, na moyo wake wote ulikuwa katika shule moja, Shule ya Wasichana ya Kianjata, shule ya bweni yenye sweta la rangi ya zambarau. Mwaka mzima aliacha kula chakula cha mchana kila Jumatano ili afunge na kuomba. Kanisa zima lilimwombea. Ujumbe ulipofika kwenye simu ya mama yake, ulisema amepangiwa shule ya kutwa iliyo mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani.

Mama yake, Ngina, aliusoma mara mbili, kisha akasema, "Haya. Mungu anajua." Akaendelea kukata sukuma wiki.

Wangeci alilia mpaka mto ukalowa. Alimwona Mungu kama mtu aliyepita akibisha hodi milango yote ya ploti, akafika kwa mlango wao, akaupita.

Jumapili mama yake alikuwa kazini Kilimani, kwenye majumba ya ghorofa anakofanya usafi. Wangeci alikwenda kanisani peke yake. Ulipofika wakati wa ushuhuda, mchungaji aliwaita waliomaliza gredi ya tisa. Wainaina alisimama kwanza, akasema ameitwa shule ya bweni kule Nyeri. Vigelegele vikapasua paa. Kisha macho yakamgeukia Wangeci, macho ya watu waliomwombea mwaka mzima. Akaenda mbele, akasimama bila kujua atakachosema.

"Bwana asifiwe. Namshukuru Mungu... nimeitwa Kianjata."

Basi! Akina mama walipiga vigelegele, wakacheza mpaka mbele ya madhabahu. Katikati ya shangwe hiyo Wangeci aliona kitu kimoja kidogo. Ivyne, jirani na mwanafunzi mwenzake, alikuwa ameinua mkono nusu. Akaushusha taratibu, akaukalia.

Shosho Waithera alisimama, machozi yakimtiririka. "Mwaka huu akina mama tuna uwezo wa sanduku moja la shule," alisema. "Tulikuwa tukimngoja Bwana atuonyeshe wa kumpa. Amekwisha kutuonyesha."

Hivyo ndivyo Jumanne hiyo Wangeci alivyojikuta River Road, akipenya kati ya mikokoteni na watu waliobeba mabomba ya plastiki mabegani, mpaka dukani kwa Mzee Shee. Mzee Shee alikuwa mtu wa Lamu, mwenye kofia ya vito, ile ya kutariziwa kwa mkono, na ulimi mtamu. Masanduku ya bati yalipangwa mpaka dari.

"Karibu, mama. Sanduku la nani? La bibi harusi?"

"Bibi harusi wa vitabu," alijibu Shosho. "Na usinipe lile lenye bawaba za karatasi. Nina macho."

"Mama, masanduku yangu hata panya hujuta kuyatafuna." Alishusha sanduku la buluu, akalipiga konzi, nalo likalia kama kengele. Wakavutana bei huku wakicheka, mpaka Mzee Shee akainua mikono. "Nimeshindwa. Haya, na kufuli nampa mtoto bure. Sadaka yangu. Asome."

"Asante," Wangeci alisema.

Mchoraji aliyekaa mlangoni alichovya brashi kwenye rangi nyeupe. "Jina?"

"Wangeci Ngina."

Brashi ikaenda. Kila herufi ilisimama wima, nzuri kuliko alivyowahi kuliona jina lake.

"Shule?"

Wangeci alinyamaza. Huo ndio ulikuwa wakati. Angeweza kusema neno moja tu, na brashi ingesimama. Mchoraji alimtazama, Mzee Shee akamtazama.

"Msichana amejaa furaha mpaka amekuwa bubu," alisema Shosho. "Andika Kianjata."

Brashi ikaandika K, ikaandika I. Kwa Wangeci ilikuwa kama inamwandika mgongoni.

Magoti ya Shosho yalikuwa yakimuuma, kwa hiyo walipumzika kwenye benchi katika bustani ya Jeevanjee, sanduku likiwa miguuni pao. Mhubiri mmoja wa saa ya chakula cha mchana alikuwa akihubiri kwa makarani waliokuwa wakila mahindi ya kuchoma. Shosho alilipapasa sanduku kwa kiganja.

"Unajua, Wangeci, hata mimi niliitwa sekondari. Nilikuwa wa pili darasani. Baba alikuwa na karo ya mtoto mmoja, akampa kaka yangu. Mimi nikabaki kuchuma chai ya watu. Miaka mingi nilimkasirikia Mungu. Nilikuwa nikiimba kanisani, lakini moyoni nimemnunia."

"Ukafanyaje, Shosho?"

"Siku moja nikachoka kununa. Nikamwambia ukweli, kwamba ameniumiza. Nami nikiwa palepale kwenye chai, nimebeba kikapu, nikahisi hayuko mbali. Shule sikupewa. Nilipewa Yeye. Hata mume wangu alipofariki, Yeye hakuniacha." Alicheka kidogo. "Lakini leo, kununua sanduku nisilonunuliwa mimi... hii ni sukari juu ya chai tamu."

Wangeci alifungua mdomo. Akaufunga. Atamnyang'anyaje bibi huyu furaha aliyoingoja maisha yake yote? Badala ya ukweli ukatoka uongo wa pili. "Shosho, sanduku likae kwako. Nataka kumshtukiza mama. Usimwambie mpaka Jumapili."

Uongo ni kama sungura: ukifuga mmoja, kesho utakuta zizi limejaa.

Siku zilizofuata Wangeci hakula vizuri. Mama yake alitoka alfajiri na kurudi giza likiingia, wala hakukutana na wa kumpasha habari. Kila jioni kabla ya chakula mama na mtoto walishikana mikono kuomba, na jioni ya Alhamisi Ngina aliomba hivi:

"Baba, asante kwa shule uliyompa Wangeci. Nilitaka ile nyingine, wewe unajua, na nililia nikideki ngazi za watu. Lakini asante kwa kuwa nitamwona kila jioni. Amina."

"Amina," alisema Wangeci. Mikono ya mama yake ilikuwa imekauka kwa sabuni, na Wangeci alitaka kuichomoa yake, kwa sababu aliona haistahili kushikwa.

Ijumaa alimkuta Ivyne bombani.

"Niaje, mtu wa Kianjata," alisema Ivyne.

"Poa." Wangeci aliinamia mtungi wake.

"Usinicheke, lakini hata mimi niliitwa huko."

Maji yalifurika kwenye mtungi wa Wangeci, yakamwagika miguuni. "Wewe? Mbona hukusema kanisani?"

"Nilikuwa niseme. Nilitaka niombe watu watusaidie, kwa sababu mama hana hata ndoo ya kunipa. Niliinua mkono, halafu wewe ukasimama." Ivyne aliinua mabega. "Sanduku ni moja, na wewe umeiombea shule hiyo mwaka mzima. Mama anasema nitafungia vitu kwenye gunia. Nikikosa vile vinavyotakiwa watanirudisha, basi. Lakini nikifika, angalau nitakuwa na mtu ninayemjua, wewe. Nilikuwa nimeogopa kwenda peke yangu."

Wangeci aliuacha mtungi bombani. Hakukumbuka hata kufunga maji.

Alimkuta Shosho mlangoni, akichambua mboga ya managu kwenye ungo. Ndani, sanduku lilikuwa limefunikwa leso, kama mtu aliyelala.

"Shosho, nimekosa. Sikuitwa Kianjata. Nilidanganya."

Vidole vya Shosho vilisimama juu ya majani. Wangeci aliona uso wake ukizeeka mbele ya macho yake, na hilo lilimwuma kuliko kofi.

"Ulisimama mbele ya madhabahu," Shosho alisema mwishowe, polepole, "ukamtaja Mungu."

"Ndiyo, Shosho."

"Tena ukanyamaza River Road. Ukanisikiliza Jeevanjee nikikumwagia moyo wangu, ukanyamaza."

"Ndiyo." Machozi yalidondoka kwenye ungo. "Niliona aibu. Wote walikuwa wameniombea. Nilifikiri watasema Mungu hanipendi. Na Shosho... ni Ivyne aliyeitwa. Ana gunia tu."

Shosho alifunga macho. Alipoyafungua, alisogeza kigoda. "Kaa. Kwanza leo utamwambia mama yako, kabla hajavua viatu. Jumapili utasimama pale pale uliposimama, useme kweli kwa mdomo ule ule. Fundo hufunguliwa na aliyelifunga."

"Utanisamehe?"

"Nimekusamehe. Lakini nimeumia, na sitakudanganya kwamba sikuumia. Uongo mmoja katika wiki moja unatosha ploti hii."

Jioni hiyo Ngina alimsikiliza binti yake akiwa amesimama, mkoba bado begani. Hakumpiga wala hakupaza sauti. Alisema tu, "Kumbe ulikuwa unaionea aibu shule niliyoishukuru." Kisha akaenda jikoni, na Wangeci akamsikia akipenga kamasi.

Jumapili Ngina aliomba ruhusa kazini. Wakati wa ushuhuda ulipofika, Wangeci aliona njia ya kati ya viti kuwa ndefu kama barabara ya Naivasha. Akasimama pale pale.

"Bwana asifiwe."

"Amina!" Watu walianza kutabasamu.

"Wiki iliyopita nilisema nimeitwa Kianjata. Nilidanganya. Nimepangiwa shule ya kutwa hapa jirani. Sanduku si langu. Aliyeitwa ni Ivyne, na aliinua mkono, nami nikamfunika. Namwomba Mungu anisamehe. Nawaomba nyinyi. Nakuomba wewe, Ivyne."

Nyuma mama mmoja akanong'ona, "Wuui, mtoto wa siku hizi." Wangeci alitamani sakafu immeze. Ndipo aliposikia viatu vikija. Mama yake alikuja akasimama kando yake, akamshika mkono kwa ile mikono iliyokauka. Ivyne naye alikuwa analia, huku mama yake akimsukuma taratibu asimame.

Mchungaji aliomba. Safari hii hakukuwa na vigelegele, lakini Wangeci aliweza kuinua uso. Hakuwa amepewa alichokiomba. Ila alipofumba macho, kwa mara ya kwanza tangu ule ujumbe, hakumwona Mungu akipita mlango wao. Alimwona kama mtu aliyekuwa ndani muda wote, akingoja aambiwe ukweli.

Alasiri hiyo Shosho alimpa Wangeci kitambaa na chupa ya mafuta ya taa. "Futa jina lako, Ivyne aandike lake. Lile la shule liache, hilo ni la kweli sasa."

Wangeci alisugua mpaka vidole vikamuuma. Rangi nyeupe ilitoka, lakini W ilibaki ikionekana kwa mbali, kivuli chini ya buluu. Ivyne alichuchumaa kando yake na kikopo kidogo cha rangi.

"Haitoki yote," alisema Wangeci kwa aibu.

"Iache," alisema Ivyne. "Nikilia usiku wa kwanza, nitaitazama hiyo W." Kisha akamsukuma bega. "Lakini ukinifunika tena nitakumwagia maji ya bomba, wallahi."

"Mkristo gani anayeapa wallahi?"

"Wa River Road," alidakia Shosho, na wote watatu wakacheka, kicheko cha kwanza cha Wangeci katika wiki nzima.

Jumatatu ya kufungua shule, Wangeci alimsindikiza Ivyne mpaka stendi, akalibeba sanduku upande mmoja. Alipomaliza kupunga mkono, alijitengenezea tai ya sare yake mpya ya kutwa. Shosho alikuwa amesimama kando ya njia, mkongojo mkononi.

"Bado inauma?" Shosho aliuliza.

"Kidogo, Shosho. Nikiliona lile sweta la zambarau."

"Itauma, na si dhambi. Dhambi ni kuficha maumivu kwa uongo." Shosho alimfunga vizuri kola ya shati. "Sikia, mjukuu wangu. Watu wengi humpenda Mungu kwa sababu ya sanduku. Sanduku likienda kwa mwingine, nao huondoka. Wewe mpende hata mikono ikiwa mitupu, na useme kweli hata ikikuaibisha. Mtu aliye na Yeye, na ana moyo mweupe, hajakosa kitu ambacho bila hicho hangeweza kuishi. Sasa nenda. Na jioni uniletee chai, unieleze mlichofundishwa. Na mimi nilikuwa wa pili darasani, usisahau, ukikosea nitajua."

Kengele ya shule ililia, dakika kumi tu kutoka pale. Wangeci alikimbia ili asichelewe.