Waya Uliofichwa kwenye Mti wa Jua

Katika uwanja ulio mbele ya soko kulikuwa na mti usio na mizizi. Shina lake lilikuwa la chuma. Matawi yake yalibeba paneli nyeusi zinazopokea mwanga wa jua na kuugeuza kuwa umeme. Watu waliuita mti wa jua. Chini yake palikuwa na mabenchi, na soketi za kuchajia simu. Jioni taa zake zilimulika uwanja mzima, na wauza mboga waliendelea na biashara bila kuogopa giza.

Kando ya uwanja huo alifanya kazi kinyozi mmoja. Yeye mwenyewe hakuwa na unywele hata mmoja, kwa hiyo watu walimwita Kipara. Hakukasirika. Aliwaambia wateja kwamba siku aliyoanza kujifunza kazi alijinyoa mwenyewe, akakosa pa kuishia.

Kibanda chake kilitumia umeme wa mtaa, na umeme huo ulikuwa haukawii kukatika. Siku moja ulikatika bwana harusi akiwa amenyolewa upande mmoja tu. Ilibidi afungwe kitambaa kichwani, akamaliziwe mtaa wa pili. Soko zima lilicheka. Kipara alicheka nao, lakini moyoni lilimuuma.

Tangu hapo akawa anautazama mti wa jua kwa jicho jingine. Asubuhi moja, kabla uwanja haujachangamka, alivunja kufuli la kisanduku cha umeme. Kisanduku hicho kilikuwa cha plastiki, kwenye nguzo fupi ya saruji pembeni ya mabenchi. Akaunganisha waya wake humo. Nafasi ilikuwa finyu, basi akang'oa waya mmoja wa kijani ambao hakuona kazi yake. Kisha akaupandisha waya wake kwenye shina, akauficha kati ya matawi na kuushusha hadi kwenye paa la kibanda. Kufuli alilirudisha mahali pake, likaonekana zima. Hakumwambia mtu, hata mkewe.

Kwa muda mambo yalimnyookea. Halafu mvua zikaanza.

Muuza maji ndiye aliyetangulia kulalamika. Alisema ameegemea shina, akahisi kama sisimizi wanamtembea mkononi. Baada yake mshona viatu naye akasema hivyo hivyo. Maneno yakaenea. Wengine walidai mti unatoa mionzi. Wengine wakawakataza wajawazito wasipite hapo. Mabenchi yakabaki matupu mchana kutwa.

Kipara aliyasikia yote akiwa kazini. Alijua. Au tuseme alihisi anajua, akaomba isiwe kweli. Mtu alipomuuliza maoni yake, alijibu kwamba naye amesikia ni mionzi. Uongo ulimtoka kirahisi. Alitaka kuutoa ule waya, ila uwanjani hapakukosa watu. Zaidi ya hapo, sasa yeye mwenyewe aliogopa kuusogelea.

Hatimaye akatumwa fundi wa umeme. Alikuwa mama wa makamo, amevaa buti za mpira na glavu nene. Watu walimzunguka, kila mmoja akimweleza habari za mionzi. Alisikiliza mpaka wakamaliza.

"Hizi paneli hazitoi mionzi ya kumdhuru mtu," alisema. "Zinapokea jua lile lile linalotupiga sisi sote. Lakini kama shina linatia ganzi, basi kuna waya umechubuka na umegusa chuma. Hilo ndilo la kuogopa. Ardhi ikilowa, linaua."

Akauliza kama kuna mtu aliyejiunganishia umeme hapo. Kibanda cha Kipara ndicho kilichokuwa karibu zaidi, kwa hiyo akamgeukia yeye.

"Hapana, dada," Kipara alisema. "Sijaona mtu."

Fundi akawaamuru wote warudi nyuma, kisha akaenda kwenye gari lake kuchukua vifaa.

Wakati huohuo mama yake Kipara alikuwa anakuja kutoka upande wa pili, na chakula cha mwanawe kwenye kikapu. Hakuwa amesikia onyo. Viatu vyake vilikuwa vimejaa tope. Akavua kimoja ili akikung'ute, na kwa kutafuta pa kujishikilia, akaweka kiganja kwenye shina.

Kikapu kilianguka. Mama hakuanguka. Alisimama pale pale, mkono umeng'ang'ania chuma, mwili unatikisika, mdomo wazi bila sauti.

Mke wa Kipara, aliyekuwa akifagia mlangoni pa kibanda, alitupa ufagio na kukimbia kumvuta mkwewe.

"Usimguse!" fundi alipaza sauti kutoka kwenye gari. "Ukimgusa mtakufa nyote. Zima umeme kwanza!"

Waliokuwa karibu hawakujua pa kuzimia. Watu walibaki wakishika vichwa. Kipara alijua. Alijua pia kwamba akienda, kila mtu atamwona. Akakimbilia kwenye nguzo ya saruji, akaling'oa lile kufuli bovu kwa mkono mmoja, akafungua kisanduku na kushusha swichi.

Mama yake akaanguka kama nguo iliyodondoka kwenye kamba.

Fundi alifika, akahakikisha umeme umezimika, ndipo akapiga magoti. Mama alikuwa anapumua. Kiganja chake kilikuwa kimeungua. Alipofumbua macho alisema hajambo, anataka kwenda nyumbani. Fundi akakataa. Alieleza kwamba umeme unaweza kuuvuruga moyo hata kama mtu anaonekana mzima, kwa hiyo lazima apelekwe hospitali mara moja. Mke wa Kipara akaondoka naye. Kabla ya kupanda gari alimtazama mumewe, kisha akatazama kisanduku kilichokuwa wazi.

"Ni waya wangu," Kipara aliwaambia waliobaki. "Nimewadanganya nyote."

Fundi hakumkaripia. Alimwonyesha mahali waya ulipokuwa ukisuguana na tawi kila upepo ukivuma, hadi shaba ikabaki uchi. Akamwonyesha na waya wa kijani uliong'olewa. Huo, alisema, ndio unaopeleka umeme ardhini hitilafu ikitokea, ili swichi ijizime yenyewe.

"Huu ndio ungemwokoa mama yako," alisema.

Kipara akakaa chini kwenye tope.

Mama alilazwa, akatibiwa, akatoka. Uongozi wa soko ulikifunga kibanda kwa muda. Fundi alirudisha waya wa kijani, akabadilisha vilivyoharibika, akaweka kufuli jipya. Alimshauri Kipara atumie mashine ya kunyolea ya kuchaji, aichaji kwenye soketi za wazi kama watu wanavyochaji simu. Akawafundisha wote kwamba wakihisi ganzi kwenye chuma chochote chenye umeme, wakae mbali, wazuie wenzao na kutoa taarifa siku hiyo hiyo.

Siku ya kuwasha mti tena, watu walijaa uwanjani, lakini kwa mbali. Fundi alipima shina mbele yao, akasema ni salama. Hakuna aliyesogea.

Kipara akatoka katikati ya watu. Alinyoosha mkono, akaurudisha, akanyoosha tena. Alipogusa shina alifumba macho.

Lilikuwa chuma tu, la baridi.

Alibaki ameshika vile vile, machozi yanamtoka. Muuza maji akaja, akaketi. Mshona viatu akafuata. Wa mwisho alikuwa mama yake, mkono umefungwa bendeji. Hakuligusa shina. Alilitazama kwa muda mrefu, kisha akamgeukia mwanawe.

"Sogea huko," alisema, "nipate pa kukaa."