Redio ya Marehemu Ubaldo

Mungu anisamehe, mimi ndiye niliyemtuma rafiki yangu Krispini akachukue redio kwa Getrude kabla matanga ya mumewe hayajaanuliwa. Nilitaka muziki wa dansi tu.

Redio ile ilikuwa na kero. Nyimbo zilisikika kwa mbali, halafu tangazo la sabuni likafoka nyumba nzima. Kwa hiyo marehemu Ubaldo kila jioni aliketi mkono ukiwa kwenye kitufe cha sauti. Tangazo likianza anapunguza, mkewe asishtuke. Kitufe kilikuwa kikavu, ukikizungusha kinalia kwiii.

"Kwani muziki hauwezi kusubiri, shemeji?" Getrude alimwambia Krispini. Lakini akaitoa.

Krispini akajitwika. Giza likamkuta kwenye pori la kutoka Kakese, anakoishi Getrude, hofu ikamwingia, akaitua, akaiwasha iwe mwenzake njiani. Akaiweka tena kichwani, kitufe kikiwa mbele, akaishika kwa mikono miwili. Wimbo ukalia kwa mbali. Kisha tangazo likapiga kelele hadi ndege wakaruka.

Kwiii.

Sauti ikashuka. Mikono ya Krispini haikuwa imesogea. Ila kwenye paji la uso, chini ya kitufe, alihisi kiganja cha mtu, cha baridi.

"Sikuitupa, kaka," aliniambia. "Niliogopa angeidaka."

Sasa iko kwangu. Nakuomba, ndugu yangu, kesho tuirudishe sote wawili kwa Getrude. Wewe ushike kulia, mimi kushoto. Upande wa kitufe tuuache wazi.