Fito Iliyofupishwa Jumapili

Saa mbili na dakika arobaini asubuhi ya Jumatatu, gari la mpima ardhi lilikutwa mtaroni, magurudumu juu. Mwenyewe alikimbizwa hospitali, nyonga imevunjika. Kufikia adhuhuri Babu Spana, fundi aliyeliinua gari hilo inchi nne kwa springi ndefu siku ya Ijumaa, lipate kupita porini, alikuwa mahabusu.

"Fundi gani huyo?" Mume wa majeruhi, mwalimu wa shule, aliwaka kituoni. "Kainua gari, usukani nusura umuue mke wangu."

Mkaguzi wa magari aliyaandika maneno hayo. Babu Spana ndiye aliyemfundisha mkaguzi huyu kushika spana. Lakini mapenzi hayakazi bolti. Alivaa ovaroli, akajipenyeza chini ya gari lililovutwa hadi uani.

Fito ya chuma inayoizuia ekseli ya mbele isicheze kushoto na kulia ilikuwa imechomoka bolti. Raba yake imejisokota hadi kuchanika. Kuna mtu pia aliyeifupisha fito: skrubu yake ya kurekebishia urefu ilikuwa na mikwaruzo mipya ya spana. Jirani yake, kwenye chesisi, fremu inayobeba gari, jeki ilikuwa imeegemezwa kwa ubao ulioacha chembe za rangi ya buluu.

Akaenda mahabusu. "Babu, bolti zenye raba hukazwaje?"

"Waniuliza leo? Gari likiwa limesimama kwa miguu yake. Ukikaza ekseli inaning'inia, ukilishusha raba inajisokota, inachanika, bolti inalegea. Si nilikufukuza gereji siku nzima kwa kosa hilo?"

"Nakumbuka, Babu."

Kisha akaenda kwa fundi wa matairi, aliyelifunga gari hilo magurudumu mapya Jumamosi. Bwana yule aliendelea kupanga matairi. "Dada, jeki yangu naiweka chini ya ekseli. Itaning'iniaje? Na mama yule aliondoka hapa usukani umenyooka. Muulize."

Saa kumi jioni alimuuliza, wodini, mumewe kaketi kando ya kitanda.

"Jumamosi ulinyooka kabisa," alisema mpima ardhi. "Leo naondoka, umepinda kushoto. Nikasema kuinua gari ndiko kulikoniponza. Ila porini wananisubiri, nikajikaza."

"Jumapili gari lilikuwa wapi?"

"Nyumbani. Mimi nilishinda kwa dada."

Mkaguzi akatoa kipande cha ubao wa buluu chenye alama ya duara ya jeki. "Mwalimu, huu nimeukuta stoo kwenu saa tisa. Rangi yake ndiyo iliyobaki kwenye chesisi."

Mwalimu aliutazama. "Kila safari miezi mitatu," alisema, akimgeukia mkewe. "Nimechoka kula peke yangu. Nilifupisha fito kidogo, usukani uvute upande, nawe uahirishe safari. Sikutaka uumie. Niliikaza kwa nguvu zangu zote."

"Uliikaza ekseli ikining'inia," mkaguzi alisema. "Hicho ndicho kilichomwangusha."

Mpima ardhi alimkazia mumewe macho. Alikuwa na hasira, na zaidi ya hasira, aibu.

"Ukaenda kituoni ukampigia kelele mzee wa watu."

"Niliogopa, mke wangu."

"Mimi nimeshinda hapa nikiogopa kwamba sitatembea tena, nawe umenishika mkono." Akauchomoa mkono wake. "Mkaguzi, mtoe mzee kwanza. Halafu andika yote aliyosema huyu. Nitatia sahihi."

Akaomba kalamu.