Kikombe Kisichopoa

Dhaifallah aliwashusha watalii wake hotelini, akageuza gari kuelekea nyumbani, ndipo akaona kiti cha nyuma bado kina mtu. Alikuwa mzee mwenye kanzu nyeupe isiyo na chembe ya vumbi, ilhali upepo ulikuwa umewapiga mchanga mchana kutwa, kutoka Jabali la Tembo hadi mitende ya Al-Ula. Dhaifallah hakukumbuka kumpakia. Lakini kwao mgeni haulizwi jina kabla ya siku tatu, na kwa kujisifia ukarimu Dhaifallah hakuwa na mwenzake.

"Karibu, ami. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Mbuzi walipomwona mzee waliacha kula, wakajibana pembeni mwa zizi. Hemani, nyuma ya pazia, Wadha, binti yake wa pekee, alinong'ona, "Baba, nasikia harufu ya nywele zinazoungua."

"Nyamaza, mwanangu. Utaniaibisha."

Mgeni alipokea kahawa, akaiweka chini bila kuionja. Kila mtu wa pale anajua maana yake: nina haja, niahidi kwanza. Muungwana huahidi kabla hajaisikia.

"Kunywa, ami. Haja yako nimekupa."

"Hata hujaisikia."

"Yoyote ile!"

Mdomo uliponza kichwa.

"Leo chini ya jabali," mgeni akasema polepole, "ulipokuwa ukiwachekesha wageni wako, ulimwaga chai ya moto mchangani bila kutaja jina la Mungu. Mwanangu alikuwa amelala pale. Nimekuja kumchukua wako."

Dhaifallah akakumbuka birika, na vicheko, na onyo la marehemu mama yake kwamba cha moto hakimwagwi chini bila bismillahi, na jinsi mchanga ulivyolia kwa muda mrefu kuliko kawaida huku yeye akiendelea na mzaha wake, na harufu ile ya kuungua sasa ikamjaa puani mpaka akashindwa kupumua.

Pazia likafunguka. "Kahawa ya mgeni imepoa, baba," Wadha akasema. Akataja jina la Mungu, akaimwaga, akamimina nyingine.

Mgeni akaiinua. Ilipogusa midomo yake, akakunja uso.

"Chumvi."

Jini halili chumvi. Akakirudisha kikombe chini. "Binti ana akili kumshinda baba. Ahadi yako haifungwi mpaka ninywe. Sina haraka." Na palepale zulia likawa tupu.

Kahawa ile haikupoa. Waliifukia, asubuhi ikawa juu ya zulia, inafuka moshi. Shehe aliisomea, akaondoka bila kuaga. Walihamia mjini kwa shemeji, wakaikuta imewatangulia sebuleni.

Kila alfajiri Dhaifallah huchovya kidole na kuonja. Wadha hutia chumvi nyingine, lakini hutuama chini kama mchanga, haiyeyuki. Na ile ya kwanza inapungua.

"Vipi, baba?" Wadha aliuliza leo.

"Bado ipo, mwanangu," Dhaifallah akajibu, akageuza uso ili binti asione machozi yake. Ulimini hakuwa amesikia chumvi, ila kahawa tupu.