Mawimbi ya Mita Mbili

Nyumbani kwa Kashindye, betri za redio zililala juani kama wagonjwa waliotoka hospitali. Kila asubuhi mkewe, Getruda, alizianika kwenye ungo pamoja na makopa ya muhogo. Kila mchana, saa saba ikikaribia, Kashindye alizirudisha redioni. Zikipata joto, zilipata na sauti kidogo.

"Leo zimepona?" Getruda aliuliza.

"Zinaongea, lakini kwa kunong'ona."

Ulikuwa mwezi wa Desemba, mwaka wa pili tangu wahamie kijiji cha ujamaa karibu na Ipole. Kitalu chao cha tumbaku kilijaa miche. Ilikwisha kufikia kimo cha kuhamishiwa shambani, ila mvua ilikuwa bado. Miche ikipandwa kwenye udongo mkavu, hufa. Ikikaa mno kitaluni, hurefuka shingo na haifai tena. Na mbegu nyingine hawakuwa nayo. Mwaka mzima wa familia ile ulikuwa ndani ya kitalu kile.

Ndiyo maana Kashindye alitega sikio habari ya hali ya hewa ilipoanza.

"Unguja, Pemba na mikoa ya pwani," mtangazaji alisema, "mvua kubwa na upepo mkali. Bahari itachafuka. Mawimbi yatafikia mita mbili. Wenye vyombo vidogo wachukue tahadhari."

Ka! Kashindye akaizima redio. Betri zile hazikuwa za kuchezea.

"Mama Silasi, mvua kubwa inakuja!"

"Wamesema Ipole?" Getruda aliuliza.

"Wamesema kubwa. Mvua kubwa itaishia njiani?"

"Na hayo mawimbi je?"

Kashindye akakuna kichwa. Bahari hakuwahi kuiona. Lakini mita aliijua, maana fundi cherehani wa Ipole alikuwa nayo. Mita mbili ukizisimamisha zinampita yeye kimo.

"Kama huko ni mita mbili," alisema polepole, "huku hatukosi maji ya magotini."

Basi walifanya kazi mpaka jua likazama. Waling'oa nusu ya miche, wakaipanda kwenye matuta makavu kama unga. Walichimba mfereji kuzunguka nyumba. Mahindi yakapandishwa darini. Mbuzi, ambaye hakuulizwa maoni yake, akafungwa juu ya kichuguu.

Siku ya kwanza, jua. Siku ya pili, jua. Siku ya tatu miche ilikuwa imelala chini, rangi ya majani ya chai. Majirani walipita wakicheka.

"Nuhu! Safina iko wapi? Mbona umepakia mbuzi mmoja tu?"

Kashindye aliinama akauinua mche mmoja, ukalala tena. Alijiuliza, redio itamdanganyaje? Mtangazaji mwenye sauti nzuri vile! Siku ya nne akafungulia tena. Mvua kubwa, bahari kuchafuka. Akazima. Akatazama juu, hata wingu la kufunika kuku halikuwepo. Alikwenda kitaluni ang'oe nusu iliyobaki. Akarudi. Akaenda tena.

"Unapima njia?" Getruda aliuliza.

"Nipande au nisipande? Kichwa kimejaa moshi."

Siku ya tano alikuja jirani yao Batuli, mjane aliyezaliwa Tabora mjini. Zamani yeye na mumewe walikwenda Pemba kuchuma karafuu, wakaishi huko miaka kumi na mmoja. Binti yao Mwanajuma alibaki huko.

"Shikamoo, mama," Kashindye alisalimu.

"Marahaba, Nuhu. Nimekuja kusikiliza bahari. Mwanajuma anataka kuvuka juma hili aje anione."

Wakakaa. Redio ikanong'ona: Unguja, Pemba, upepo mkali, mawimbi ya mita mbili.

"Basi hajapanda chombo," Batuli alisema, akashusha pumzi. "Manahodha wa kule nao wanasikiliza. Bahari ikichafuka hivi, mashua ndogo hazitoki."

Ka! Kashindye akazima.

"We! Mbona unazima? Hajafika kwetu!"

"Nani hajafika?"

"Mtangazaji! Kwani kila siku unazima hapo?"

"Naokoa betri."

Batuli akacheka mpaka khanga ikamdondoka begani.

"Kashindye, baba, treni ya kuja Tabora inaanzia wapi?"

"Dar es Salaam."

"Habari ya hali ya hewa nayo ni hivyo hivyo. Inaanzia visiwani na pwani. Inapanda Morogoro, Dodoma, ndipo ifike Tabora na Kigoma. Wewe unashuka treni haijatoka Dar, halafu unauliza kwa nini huoni Tabora! Hayo mawimbi ni ya wavuvi na wasafiri wa baharini. Mvua ya Pemba ni ya Pemba. Fungulia!"

Kashindye akafungulia haraka. Redio ikasema: "Tabora na Kigoma: hali ya ukavu na vipindi vya jua."

"Siku zote hizi walikuwa wananiambia," Kashindye alisema kwa sauti ndogo, "na mimi nawafunga mdomo."

Kuanzia siku hiyo alisikiliza mpaka mwisho, Batuli akiwa kando yake. Siku ya saba mtangazaji akasema: "Tabora: mvua na ngurumo katika baadhi ya maeneo." Kashindye akaruka, akaenda kukamata jembe. Kisha akasimama. Moshi ukamrudia kichwani.

"Baadhi ya maeneo. Mama Batuli, sisi tumo au hatumo?"

"Hata yeye hajui. Anakwambia ukae tayari. Na maneno yake ni ya siku moja, kesho usikilize mapya. Andaa matuta, lakini miche usiing'oe. Mvua ikinyesha, ingiza kidole chote tutani. Kikitoka na udongo wenye maji mpaka kwenye shina la kidole, panda. Ncha peke yake ikilowa, ngoja."

Jioni ile ngurumo zilipita upande wa Sikonge. Ipole yalidondoka matone machache. Kashindye akaingiza kidole, ikalowa ncha tu. Mikono ilimwasha kupanda, lakini akangoja. Kesho yake mchana mvua ikashuka kwa nguvu, ikanyesha mpaka mfereji wa Nuhu ukapata kazi. Kidole kikaingia chote, kikatoka na tope. Wakapanda miche yote iliyobaki.

Baada ya juma moja miche ilikuwa imesimama, mibichi. Ilikuwa nusu shamba, lakini nusu iliyo hai.

Mwanajuma naye akafika salama. Alikuwa amengoja siku sita bandarini mpaka bahari ilipotulia. Alimkuta Kashindye amepiga magoti mbele ya redio.

"Shikamoo, kaka. Wamesemaje?"

"Sst! Ndiyo kwanza tupo Dodoma."

Nyuma ya nyumba, mbuzi alikuwa juu ya kichuguu. Hakuna aliyemfunga. Kila akisikia redio, alipanda mwenyewe.